Kabla ya kuwatia wanafunzi mtoni, tuujue mto

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Methali hii hufundishwa katika madarasa ya Kiswahili kote nchini, na aghalabu mwanafunzi huagizwa aitungie kisa, aeleze maana yake ya juu na ya ndani, kisha apewe alama. Ni nadra kwa mwalimu kumkumbusha mwanafunzi huyo kwamba kabla ya kuwa methali, maneno hayo yalikuwa onyo halisi, lililotolewa na watu walioishi kando ya maji na kuwazika wenzao waliofia humo. Makala haya yanakusudia kuirudisha methali hiyo mtoni ilikotoka.

Miaka michache iliyopita mwanangu, wakati huo akiwa katika kidato cha tatu, aliniletea barua kutoka shuleni kwao. Wanachama wa chama chao cha mazingira walikuwa wameandaliwa safari ya siku tatu ya mitumbwi katika mto mmojawapo wa nchi hii, wakati wa likizo ya Aprili. Barua ilitaja ada, idadi ya sweta, aina ya viatu, hata mswaki na dawa ya meno. Kuhusu mto wenyewe, ilikuwa na sentensi moja tu: kwamba una mandhari ya kuvutia na mikondo ya kusisimua. Mzazi alitakiwa kutia sahihi chini ya sentensi hiyo.

Nilihudhuria mkutano wa wazazi, na zamu yangu ilipofika niliuliza swali moja: ni nani aliyeuchagua mto huo, na aliuchagua kwa vigezo gani? Mwalimu aliyesimamia chama, kijana mwenye bidii na moyo safi, alinijibu kwa unyofu ambao sitausahau. "Daktari," alisema, "tuliona picha zake zikatupendeza. Tena shule jirani ilikwenda Februari, na wote wakarudi salama." Baadhi ya wazazi walitikisa vichwa kukubali. Jibu hilo halikuwa la mtu mzembe. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba mto huchaguliwa, na kwamba kuuchagua ni kazi yenye kanuni zake.

Simwambii mwalimu yeyote awafungie wanafunzi wake darasani. Mwanafunzi aliyepiga kafi kwa siku tatu katika mto wa nyika, akalala ufukoni na kujipikia, hujifunza jiografia, fizikia na utu kwa namna ambayo ubao hauwezi kumfundisha. Hoja yangu ni nyingine. Nashikilia kwamba mto wa safari ya namna hii hauna budi kuchaguliwa kwa kumfikiria yule aliye dhaifu zaidi chomboni, na kwa kujiuliza yatakayompata chombo kitakapopinduka. Uzuri wa mto na umahiri wa kiongozi ni mambo ya baadaye.

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, naomba nianze na maneno, kwani katika suala hili maneno nayo yana hatari yake. Kiswahili ni lugha iliyokulia pwani, na kwa hiyo msamiati wake wa bahari ni tajiri mno. Tunajua maji kupwa na maji kujaa, tunajua bamvua na maji mafu, tunajua tanga, foromali, mkuku na usukani. Lakini tukipanda mtoni na kukutana na mahali ambapo maji yanateremka kwa kasi katikati ya mawe, yakitoa povu jeupe na ngurumo, wengi wetu tunabaki na neno moja tu: maporomoko. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa maji yanayoanguka wima kutoka jabali la mita 70 kama yale ya Thomson kule Nyahururu. Basi mwongozaji akikuambia kwamba mbele kuna maporomoko, hujui kama amemaanisha mahali pa kupita ukipiga kafi au mahali pa kutoka majini mara moja na kutembea. Tofauti ya maana hizo mbili ni tofauti ya uhai na mauti. Katika makala haya nitatumia "maporomoko" kwa maji yanayoanguka, na "mkondo wa povu" kwa maji yanayoteremka kwa kasi juu ya mawe.

Kadhalika tunalichanganya kafi na kasia. Kasia hufungwa kwenye ubavu wa chombo na mvutaji huketi akitazama nyuma. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, na mpigaji hutazama mbele anakokwenda. Mtumbwi wa mtoni huendeshwa kwa kafi, na penye maji haba kwa upondo. Hali kadhalika, neno "rubani", ambalo vijana wa leo hulijua kwa ndege tu, lilikuwa na maana pana zaidi hapo kale: ni mtu aliyekiongoza chombo katika mlango wa bandari na kati ya miamba, kwa sababu aliyajua maji ya mahali pale hasa. Nahodha aweza kuwa hodari wa bahari zote, lakini akifika mahali asipopajua humkabidhi rubani. Tungelihifadhi wazo hilo, tusingeridhika na kiongozi yeyote mwenye misuli na kofia ngumu; tungemtafuta rubani wa mto ule.

Wenzetu waliosafiri kwa mito kizazi baada ya kizazi waliyatenganisha mambo haya kwa maneno. Kule Kanada, katika biashara ya ngozi za wanyama iliyostawi baina ya karne ya 17 na ya 19, wapiga makafi waliokuwa wakisema Kifaransa walikuwa na neno "portage" kwa mahali ambapo mizigo yote pamoja na mtumbwi wenyewe hubebwa mabegani na kupitishwa nchi kavu. Neno jingine, "décharge", lilitumika pale ambapo mizigo hupakuliwa na mtumbwi mtupu ukapitishwa majini, mara nyingi kwa kuvutwa au kushikiliwa na kamba. Mahali paitwapo Grand Portage, karibu na Ziwa Superior, njia ya kubebea mizigo ilikuwa na urefu wa kilomita kama 14, kwa sababu sehemu ya chini ya Mto Pigeon imejaa maporomoko. Watu hao hawakuwa waoga. Walikuwa wachukuzi waliolipwa kwa kufikisha shehena, na walijua kwamba kubeba mtumbwi nchi kavu ni sehemu ya safari. Mwalimu anayedhani kuwa kushuka mtumbwini na kutembea ni aibu hajaanza kuujua mto.

Tugeukie sasa vigezo vyenyewe. Kimataifa, mikondo ya povu hupimwa kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayokwenda kasi kidogo, yenye viwimbi vidogo na vizuizi vichache. La pili lina mawimbi ya wastani na njia iliyo wazi, ambayo mtu aliyefunzwa huiona bila kuikagua kwanza. La tatu lina mawimbi yawezayo kuujaza maji mtumbwi ulio wazi, na humtaka mwendeshaji auelekeze kwa usahihi katika njia nyembamba. La nne ni maji makali yenye nguvu, yanayohitaji kukaguliwa kutoka ukingoni kwanza. La tano ni la mabingwa, na kuokolewa humo ni vigumu hata kwao. La sita ni ukingo wa uwezo wa binadamu. Kwa mtumbwi ulio wazi juu, uliopakiwa mahema na chakula cha siku kadhaa, hata daraja la tatu si la mwanagenzi.

Hata hivyo, madaraja hayo yana upungufu ambao mwalimu sharti aujue. Daraja hupima ugumu wa mkondo. Halikuambii maji ni baridi kiasi gani, wala barabara iko umbali gani, wala hospitali. Ndiyo maana wazoefu wana desturi ya kuuhesabu mkondo kuwa mgumu zaidi kwa daraja moja iwapo maji ni ya baridi kali au iwapo safari ni ya siku nyingi nyikani. Mguu uliovunjika karibu na lami ni ajali. Mguu huo huo ukivunjika siku mbili kutoka kijiji cha karibu waweza kuwa msiba.

Nguvu ya maji nayo hudanganya macho. Mwalimu wa fizikia atawaeleza wanafunzi wake kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya kitu kilichosimama huongezeka mara nne. Atawaeleza pia kwamba mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye nguvu huangushwa na maji yasiyomfika magotini, na ndiyo sababu mtumbwi uliojaa maji na kukwama mwambani hauwezi kunasuliwa kwa mikono mitupu. Kuna hatari nyingine mbili zisizoonekana katika picha za matangazo. Ya kwanza ni mti ulioangukia mtoni: maji hupita kati ya matawi yake, lakini mwili wa mtu haupiti. Ya pili ni miguu. Anayejaribu kusimama katika maji yaendayo kasi aweza kunaswa mguu baina ya mawe, kisha maji yakamlaza kifudifudi. Kwa hiyo aliyetoka chomboni hufunzwa kulala chali, miguu ikitangulia mbele na kuwa juu juu, hadi afike maji matulivu. Mambo haya hufundishwa siku moja kabla ya safari, katika maji ya taratibu. Hayafundishwi kwa kupiga kelele wakati mtu ameshazama.

Historia imejaa mafunzo kwa anayetaka kujifunza. Mwaka 1955 Mmarekani aitwaye Arthur Moffatt, mzoefu wa mitumbwi, aliwaongoza vijana watano katika Mto Dubawnt, kaskazini mwa Kanada, katika nyika isiyo na miti wala watu. Safari yao ilichelewa, chakula kikapungua, na majira ya baridi yakawafikia wakiwa bado mtoni. Mnamo Septemba 14 waliingia katika mkondo wa povu bila kuukagua kwanza, mitumbwi ikapinduka, na Moffatt akafa kwa baridi siku hiyo hiyo. Mto ule aliuchagua yeye mwenyewe na uzoefu alikuwa nao. Kilichomponza kilikuwa kalenda: mto unaofaa Julai si lazima ufae Septemba, na kundi lililochelewa hushawishika kufupisha yale mambo ambayo hayafai kufupishwa.

Tukio la pili linapaswa kusomwa na kila mwalimu anayeandaa safari. Mnamo Juni 11, 1978, wavulana 27 na viongozi wao wanne kutoka shule moja ya jimbo la Ontario walianza safari ndefu ya mitumbwi kuelekea Ghuba ya James. Siku ile ile ya kwanza, wakiwa katika Ziwa Timiskaming, mawimbi na upepo viliwapindua. Wavulana 12 na mwalimu mmoja walikufa, na baridi ya maji ndiyo iliyowamaliza nguvu. Msomaji atazame vizuri mahali penyewe. Hapakuwa na mkondo wa povu pale. Timiskaming ni sehemu pana ya Mto Ottawa, na katika ramani huonekana kama mahali pa kupumzikia kabla ya kuzifikia taabu. Waliouogopa mkondo wa mbali waliuawa na ziwa la karibu. Kwa hiyo anayeuchagua mto huchagua maji yake yote, matulivu na makali, na hujiuliza upepo ukivuma mchana atawatoa watoto wapi.

Uingereza nayo ilipata funzo lake mnamo Machi 1993, wakati vijana wanne wa shule walipokufa katika Ghuba ya Lyme wakiendesha mitumbwi midogo baharini chini ya uangalizi wa kituo kimoja cha michezo ya nje. Kampuni husika ilitiwa hatiani mwaka 1994 kwa kosa la kuua bila kukusudia, mkurugenzi wake akafungwa, na mwaka 1995 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya aina hiyo vinavyowapokea watoto. Inasikitisha kwamba ilihitaji majeneza manne ndipo sheria ipatikane. Sisi tunaweza kujifunza kwa majeneza ya wengine.

Pengine mtu atauliza: Kanada na Uingereza zatuhusu nini, nasi maji yetu hayagandi? Naam, mito yetu mingi ina joto kuliko ile, ingawa anayezama katika vijito vinavyoshuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua hatasema hivyo. Jina lenyewe la Nairobi, tunaloandika kila siku bila kulifikiria, latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Lakini maji ya uvuguvugu yana hesabu yake: mamba, viboko na kichocho. Desemba 2010 Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini ambaye alikuwa miongoni mwa waongozaji mashuhuri kabisa wa mito ya Afrika, alinyakuliwa na mamba katika Mto Lukuga, nchini Kongo, akiwa ndani ya mtumbwi wake na wenziwe wawili wakiwa karibu. Hapana umahiri wa kafi uliomsaidia. Kwa sababu hiyo, katika Tana ya chini au katika Athi inapopita Tsavo na kuitwa Galana, kigezo cha madaraja hakitoshi hata kidogo. Maji ya hapo yaweza kuwa shwari kama ya bakuli na bado yasiwe ya watoto.

Isitoshe, mito yetu ina tabia moja ambayo wageni hawaijui na wenyeji huisahau: hubadilika kwa saa chache. Septemba 1, 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba waliokuwa wakitembea katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hata wakaaji wa kando ya mto, waliokuwa wamesimama ukingoni wakitazama, hawakuweza kulizuia. Maji ya rangi ya udongo hayaonyeshi kina. Na katika masika ya 2024 mito ya nchi hii ilifurika kiasi cha kuvunja madaraja na kuvihamisha vijiji. Aprili, msomaji mpendwa, ni katikati ya masika. Shule jirani ilikwenda Februari. Sisi tulitaka kwenda Aprili. Kwa jina mto ulikuwa mmoja, lakini kwa maji ilikuwa mito miwili.

Binadamu naye huibadilisha mito. Katika Tana, mfululizo wa mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, umegeuza sehemu ndefu ya mto kuwa maziwa na maji yanayofunguliwa kwa amri ya mitambo. Kule Jinja, nchini Uganda, ambako safari za kibiashara za mikondo ya povu zilianza katika miaka ya 1990, Bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 liliizamisha mikondo mashuhuri, na Bwawa la Isimba la mwaka 2019 likaizamisha mingine chini yake. Anayetegemea kitabu au ramani iliyochapishwa kabla ya hapo ana maelezo ya mto uliokwisha kufa.

Sasa, je, mto mzuri huchaguliwaje? Nitatoa mfano wa Mto South Nahanni, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ambao mbuga yake ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978. Mto huu uko mbali na barabara, na wasafiri wengi hupelekwa na ndege ndogo zinazotua majini. Una maporomoko ya Virginia yenye kimo cha mita 90 hivi, karibu mara mbili ya Niagara. Ukisikia sifa hizo utadhani si mto wa mwanagenzi. Lakini waongozaji huwapeleka humo hata watu wasio na uzoefu mwingi, nao hufaulu kwa sababu moja: hawachagui mto, wanachagua kipande cha mto. Wenye ujuzi mkubwa huanzia juu kabisa, penye Moose Ponds, ambako mawe na mikondo hufuatana kwa kilomita nyingi bila nafasi ya kupumua. Wasio na ujuzi huanzia chini zaidi, Rabbitkettle au kwenye maporomoko yenyewe, ambako maji ni mapana na mahali pagumu panajulikana na kuhesabika. Maporomoko hayapitwi na yeyote. Kila mtu hubeba mtumbwi na mizigo yake kwa miguu. Mto ni ule ule mmoja, ila safari ni mbili, na anayezichanganya huwahatarisha watu wake.

Kutokana na mifano hiyo yote, napendekeza kwamba mwalimu asikubali mto wowote kabla ya kupata majibu ya maswali sita. Kwanza, ni nani aliye dhaifu zaidi katika kundi, na je, kipande hiki kinamfaa yeye? Asiulize kama kinawafaa wanafunzi kwa wastani, kwani wastani haukai mtumbwini. Pili, chini ya kila mkondo wa povu kuna maji matulivu ya kutosha kuwakusanya walioanguka, au mkondo mmoja unawatupa katika mwingine? Mto wenye mikondo mikali iliyotengana kwa vidimbwi vitulivu huenda ukasamehe makosa. Wenye mikondo midogo isiyokoma hausamehi. Tatu, je, kila mahali pagumu pana ukingo wa kutembea, au ni korongo lenye kuta mbili ambalo ukiingia lazima umalize?

Nne, kutoka kila kambi, ni mwendo wa saa ngapi hadi mahali gari linapofika, na kutoka hapo hadi hospitali? Tano, rubani aliupita mto huu lini mara ya mwisho, na maji yalikuwa kimo gani? Mwongozaji mzuri ana alama yake, mwamba au nguzo ya daraja, ambayo akiitazama hujua kama leo ni siku ya kwenda au ya kurudi. Sita, wakaaji wa kando ya mto wanasemaje? Hili la mwisho hupuuzwa mno. Mvuvi au mchungaji wa mahali hapo hana cheti, lakini anajua mamba wanakolala, anajua mti ulioanguka juma lililopita, na anajua kwamba wingu likitanda upande fulani wa mlima, maji hufika kwao usiku hata kama kwao mbingu ni safi. Isimu imenifunza kwamba majina ya mahali ni kumbukumbu. Mtu ukimwuliza mwenyeji kwa nini bonde fulani linaitwa hivyo, mara nyingi atakusimulia aliyezama humo.

Zaidi ya maswali hayo, mwalimu awe na haki ya kusema "leo hatuendi", na haki hiyo ilindwe kwa mpango wa pili. Nimeona kwamba safari nyingi huendelea licha ya dalili mbaya kwa sababu ada imekwishalipwa, basi limekodiwa na watoto wameimba njia nzima. Hapo mwalimu hujikuta akichagua baina ya mto na aibu. Afadhali kamati iamue mapema kwamba maji yakiwa juu, kundi litapanda mlima au litajifunza ndege na mimea ya ukingoni, na kwamba hakuna atakayeuliza fedha zilikwenda wapi. Kawia ufike, walisema wazee, nao hawakuwa na haraka ya kutufurahisha.

Nawaomba wanafunzi pia wasidhani kuwa haya ni mambo ya wakubwa. Mwanafunzi anayo haki ya kuuliza maswali hayo sita, na mwalimu anayestahili kumwongoza hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa kina cha maji huenda hakijui.

Ile safari ya mwanangu haikuwa ya Aprili tena. Yule mwalimu kijana, ambaye namheshimu zaidi tangu siku hiyo, alikwenda kuukagua mto pamoja na mwongozaji wa eneo lile, akatembea ukingoni siku nzima, akaliondoa korongo moja katika ratiba, na kuisogeza safari hadi Agosti, maji yalipokuwa yamepungua. Barua ya pili ilikuwa na ukurasa mzima kuhusu maji, na mara hii nilitia sahihi baada ya kuusoma. Mwanangu aliporudi alikuwa na ngozi iliyobabuka mabegani na malalamiko tele. Mahali pawili, alisema, walilazimishwa kushuka na kubeba mitumbwi juu ya mawe chini ya jua kali, ilhali yeye aliona kabisa kwamba pangepitika. Nilimwacha alalamike hadi akachoka, kisha nikampakulia chakula.